Woga wa Kukosolewa: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Miswada mingi ya Kiswahili haijakataliwa na mchapishaji yeyote, kwa sababu haijawahi kumfikia. Imekaa kwenye madaftari, kwenye simu, kwenye kompyuta ya ofisini ndani ya faili lenye jina lisiloeleweka. Mwenyewe ukimuuliza anakwambia bado anairekebisha. Ukimbana kidogo anatoa lililo moyoni: watu watasema nini?

Swali hilo nalichukulia kwa uzito. Anayetoa shairi, hadithi au wimbo wake wa kwanza anaweka hadharani kitu kilichotoka ndani yake, na kuogopa hapo ni ubinadamu. Lakini nikiwasikiliza wanaoogopa, naona wengi wamejichorea picha ya kukosolewa ambayo haifanani na kukosolewa kwenyewe. Nitayachukua yale ninayoyasikia mara kwa mara, moja baada ya jingine, na mengine nitayapita haraka.

“Msanii wa kweli haogopi”

Imani hii inadhuru kwa sababu inamfanya mtu auone woga wake kuwa ushahidi kwamba hana kipaji. Woga hausemi lolote kuhusu kipaji. Unaonyesha tu kwamba jambo lina thamani kwako.

Wanaotibu hofu wanajua jinsi inavyokua: kukwepa kunaleta nafuu ya papo kwa papo, na nafuu hiyo ndiyo inayoilisha. Kila unapoamua “leo situmi”, mwili unatulia, na akili inajifunza kwamba kutotuma ndiko kulikokuokoa. Kesho hofu inarudi na nguvu zaidi. Kwa hiyo tiba yake huenda hatua kwa hatua, kuelekea kile kile kinachoogopwa. Kwa mwandishi, hatua hizo zinaweza kuwa msomaji mmoja, kisha watatu, kisha jioni ya kusoma mashairi mbele ya watu wachache, kisha gazeti, kisha kitabu. Anayesema atatoa kazi hofu ikiisha anasubiri kitu ambacho huja baada ya kutoa.

“Kila mtu ataona, kila mtu atacheka”

Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ambayo ningependa kila mwandishi chipukizi ayajue. Waliwavisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, fulana ambayo kijana wa chuo angeona haya kuonekana nayo, wakawaingiza mmoja mmoja kwenye chumba chenye wenzao. Kisha wakamuuliza kila mmoja: unadhani ni wangapi wamemtambua mtu aliye kwenye fulana yako? Walikisia karibu nusu ya waliokuwemo. Waliotambua kweli walikuwa karibu robo.

Mwandishi anakosea hesabu kwa namna ile ile. Kosa la chapa la ukurasa wa 3 analiona kana kwamba limepigwa mstari mwekundu, naye msomaji amelipita akitafuta kujua kama mume atarudi nyumbani. Tena kuna jambo gumu zaidi ambalo wengi hawaambiwi mapema: kazi ya kwanza ya mtu asiyejulikana mara nyingi hupokelewa kwa kimya. Wachache wanasoma, wawili wanasema hongera, mmoja anauliza kama kuna sehemu ya pili. Aliyejiandaa kwa matusi pekee huvunjwa moyo na kimya hicho, akadhani ni hukumu. Watu wana shughuli zao, na kazi nyingi hupata wasomaji wake polepole, kwa kuambiana.

Hata sifa zikija, akili haizipi uzito sawa na lawama. Mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walikusanya tafiti nyingi mwaka 2001 wakaonyesha kwamba baya humgusa mtu kwa nguvu kuliko jema. Ndiyo maana mtu anaweza kusifiwa na watu kumi akalala akimuwaza wa kumi na moja. Mimi huwashauri waandishi waandike maoni yote waliyopewa kwenye karatasi moja, mazuri na mabaya, kwa maneno yale yale yaliyosemwa, kisha wayasome baada ya wiki. Karatasi hukumbuka kwa haki zaidi.

“Kiswahili changu si cha pwani”

Hili ndilo ninalolisikia zaidi, na ndilo linaloniuma zaidi. Kijana wa Kakamega anaamini Mtanzania atamcheka. Wa Kahama anaamini Mzanzibari atamcheka. Wa Bukavu au Bujumbura anaamini wote watamcheka, basi anaandika kwa Kifaransa, au haandiki kabisa.

Nisifiche kilicho kweli: watu hucheka lafudhi, na ngeli zikivurugika msomaji hukwama. Lakini upatanisho wa kisarufi ni jambo la kujifunza, na mhariri yupo kwa kazi hiyo. Kinachosahaulika ni historia. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia vitabu vya Afrika Mashariki vifuate mkondo huo. Maana yake ni kwamba hata Kiamu cha Lamu na Kimvita cha Mombasa, lahaja zilizobeba tenzi na mashairi kwa karne nyingi, ziliachwa nje ya usanifu. Mzaliwa wa Lamu naye ilimbidi ajifunze shuleni namna ya kuandika ambayo si ya mama yake. Hakuna kati yetu aliyezaliwa nacho chote.

Angalia pia ni nani waliojenga fasihi hii. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, mwaka 1944, mbali kabisa na minazi. Ken Walibora alitoka magharibi mwa Kenya, na riwaya yake ya *Siku Njema*, iliyotoka mwaka 1996, ina mhusika mkuu wa Tanga. Hakuomba ruhusa ya mtu wa pwani ili aiandike pwani. Kitabu kikasomwa katika shule za sekondari za Kenya, na wapo watu wazima leo wanaokumbuka kurasa zake kuliko hesabu walizofundishwa mwaka ule. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walipotoa diwani yao, yaani mkusanyiko wa mashairi, mwaka 1976 waliita *Malenga wa Bara*. Neno ambalo wengine wangelificha wao waliliweka kwenye jalada.

Nimewasikia wasomaji wa Mombasa na Unguja wakizisifu kazi za bara, na nimewasikia wakizikosoa. Walichokikosoa mara nyingi ni sentensi iliyofikiriwa kwa Kiingereza ikavishwa maneno ya Kiswahili, au methali zilizorundikwa ili mwandishi aonekane mjuzi. Makosa hayo hata mzaliwa wa Mji Mkongwe huyafanya. Dawa yake ni kusoma kwa sauti. Mdomo hukataa sentensi ambayo jicho limeikubali.

“Anayeikosoa kazi yangu ananichukia”

Wapo wanaokosoa kwa chuki, siwatetei. Lakini ushairi wetu umelelewa katika kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga akiwalenga washairi na wakubwa wa miji mingine, nao wakamrudishia. Mashairi yake yaliishi vichwani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya pamoja na mmisionari William Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Yangekaa vichwani muda wote huo kama hayakuwa na wa kuyabishia? Karne iliyofuata, gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, likawa uwanja wa washairi wa mji mmoja kuwajibu wa mji mwingine. Anayekujibu kwa bahari (aina ya shairi) uliyotumia na vina ulivyotumia amekaa chini, amehesabu mizani yako, yaani silabi za kila mshororo, ameipa kauli yako sehemu ya siku yake.

Mfano mkubwa zaidi ni mgogoro wa ushairi. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa ameziandika sheria za kutunga mashairi katika kitabu cha mwaka 1954: vina, mizani, mpangilio wa mishororo. Mwaka 1974 Kezilahabi akatoa *Kichomi*, diwani iliyojaa mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na katika utangulizi akajieleza. Moto ukawaka. Magazetini, vyuoni na kwenye makongamano watu walisema huo si ushairi, ni nathari iliyokatwakatwa, ni uigaji wa Wazungu. Mabishano yaliendelea kwa miaka, na Jumanne Mayoka akachapisha kitabu kizima kuhusu mgogoro huo mwaka 1986, akiutetea upande wa mapokeo.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na cha kulinda. Wanamapokeo walilinda ushairi unaoimbika, ule ambao msikilizaji asiyejua kusoma anaubeba kwenda nao shambani. Wanamabadiliko walidai nafasi ya kusema mambo ambayo hayaingii kwenye mizani 16. Na ule ubishi uliwalazimisha wote kueleza sanaa yao kwa undani kuliko walivyokuwa wamewahi kuieleza. Mulokozi na Kahigi waliandika *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu* wakifafanua msimamo wao. Wangekaa kimya kwa kuogopa maneno, tungekosa moja ya hoja nzito zilizowahi kuandikwa kuhusu shairi la Kiswahili ni nini. Leo mwanafunzi wa Dodoma au Nakuru anafundishwa shairi la arudhi, linalofuata vina na mizani, na shairi huru, na yote mawili yanaendelea kutungwa.

Kwa hiyo jifunze kutenganisha. Mtu akikwambia “ubeti wa tatu, mshororo wa pili, una mizani 15”, hesabu. Kama ni 15, amekusaidia, hata kama sauti yake ilikuwa ya kero. Akikwambia “wewe si mshairi”, hakuna cha kuhesabu. Maoni kuhusu kazi hutaja kitu kilichomo ndani ya kazi: mhusika, ubeti, sura iliyolegea, mwisho ulioharakishwa. Yasiyotaja chochote hayana pa kukusaidia, na huna wajibu wa kuyatafutia maana.

“Ukisemwa vibaya, usijibu kamwe”

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia maskini, na aliuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Sauti yake ilipoanza kumfungulia milango ya wakubwa, wapo waliomsimanga kwa wimbo: kawa mtu lini huyu, kaja mjini amevaa kaniki, na kama si sauti angekula nini? Wimbo huo ulitaka kumrudisha alikotoka, lakini sikiliza vizuri. Waliomsimanga walikiri sauti.

Naye akajibu kwa wimbo. Uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, alisema. Hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, akiimba taarabu kwa Kiswahili. Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Majina ya waliotunga simango hatuyataji leo. Simango lenyewe tunalijua kwa sababu ya jibu.

Basi sikubaliani na wanaosema kunyamaza ndiyo hekima pekee. Kuna jibu linalofaa, nalo lina masharti. Siti alijibu kwa kile alichokiweza kuliko wao, akakijibu kilichosemwa, hakumchambua aliyekisema. Hilo ni mbali na kuandika aya ndefu saa sita usiku kwenye simu, mikono ikitetemeka, ukimtajia mtu kabila lake. Kama mkosoaji amepotosha jambo, sahihisha kwa sentensi mbili. Kama ameonyesha kosa la kweli, shukuru na ulirekebishe. Hasira iliyobaki ipeleke kwenye kazi inayofuata. Ina joto la kutosha kuandika sura nzima.

“Sijasomea”

Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, hakupitia chuo cha sanaa. Alianza kuchora Dar es Salaam karibu mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kawaida, zile za baiskeli na nyumba, juu ya vipande vya ubao. Wapo walioona ni vitu vya kuuzia watalii tu. Alifariki mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza, na mtindo wake unaitwa kwa jina lake mpaka leo.

“Ngoja iwe kamili”

Kuhariri na kuogopa vinafanana kwa nje. Tofauti yake ni hii: anayehariri anaweza kutaja tatizo analolitibu. Ukiona umelitoa neno jana na leo umelirudisha lile lile, kazi imeisha. Weka tarehe ya kuitoa na umwambie mtu atakayekuuliza siku hiyo ikifika.

“Nitaanza kwa ndugu na marafiki”

Anza nao kama unahitaji kutiwa moyo, na hilo ni hitaji halali. Ila usihesabu kuwa umekosolewa. Mama atasifu kwa sababu ni mama. Rafiki atasema “iko poa” bila kufika nusu. Tafuta wasomaji wawili au watatu wanaosoma vitabu vya aina unayoandika, ambao hawatapoteza chochote wakikwambia ukweli.

Na usiwaulize “umeipendaje?” Swali hilo linamlazimisha mtu akupe heshima badala ya habari. Uliza: ulichoka wapi? Ni wapi ilibidi urudie kusoma? Ni mhusika gani ulimsahau jina? Ungeacha kusoma, ungeacha ukurasa wa ngapi? Wasomaji wawili wasiojuana wakikwama mahali pamoja, pale pana tatizo, hata kama kila mmoja anapendekeza dawa tofauti. Mahali waamini. Dawa itafute mwenyewe, kwa sababu ni wewe unayejua hadithi inakoelekea.

“Jamaa zangu watajitambua”

Hapa siwezi kusema ni dhana potofu moja kwa moja. Hofu hii wakati mwingine inakupa habari ya kweli, na ningependa itenganishwe na zile nyingine. Hofu ya kuaibika wewe ni moja. Hofu ya kumuumiza mtu ambaye hakuomba kuwa kwenye kitabu chako ni nyingine, nayo inastahili kusikilizwa.

Kilicho potofu ni kudhani kwamba njia ni mbili tu, kuandika kila kitu au kuacha. Hamisha kijiji. Mwalimu mfanye fundi cherehani, kaka mfanye dada, ugomvi wa shamba uwe wa kibanda cha sokoni. Jiulize kama hadithi inasimama bila ile alama inayomtambulisha mtu. Mara nyingi inasimama, tena inakuwa huru zaidi, maana sasa unaweza kubuni. Lakini kama ni siri ya mtu aliye hai, ugonjwa wake, uzazi wa mtoto wake, jambo alilokwambia mkiwa wawili, mwombe ruhusa au liondoe. Kutaja jina la mtu na kumzushia kunaweza pia kukufikisha mahakamani, na hakuna utangulizi wa kitabu unaofuta hilo.

Kuna watakaojitambua hata pale ambapo hawakuwemo. Shangazi atasema mke mkorofi wa sura ya 2 ni yeye. Msikilize kwa adabu, mwambie ukweli, usimbadilishe mhusika.

“Wakiikataa mwanzoni, imekwisha”

*Rosa Mistika* ilitoka mwaka 1971, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi. Ilizungumza waziwazi kuhusu msichana, malezi ya ukali, wanaume na mwili, na ikazuiwa shuleni kwa hoja ya maadili. Kwa mwandishi kijana hilo lingetosha kumfanya aweke kalamu chini. Baadaye kitabu hicho hicho kikaingizwa katika orodha ya vitabu vinavyosomwa na wanafunzi. Kezilahabi mwenyewe hakusubiri wakibadili mawazo: *Kichwamaji* ilitoka mwaka 1974, mwaka ule ule wa *Kichomi*, kisha *Dunia Uwanja wa Fujo* mwaka 1975 na *Gamba la Nyoka* mwaka 1979. Mwaka 1990 na 1991 akatoa *Nagona* na *Mzingile*, riwaya fupi zilizovunja umbo la riwaya lililozoeleka, na akapata wakosoaji wapya.

Muziki wa kizazi kipya Tanzania ulipoanza kushika kasi miaka ya 1990, wazazi wengi waliuita uhuni. Mmoja wa waanzilishi wake, Joseph Mbilinyi, aliyeimba kwa jina la Mr. II, alichaguliwa mwaka 2010 kuwa mbunge wa Mbeya Mjini. Waliomchagua ni pamoja na watu waliokua wakizimiwa redio akiimba.

Milango ipo zaidi ya ilivyokuwa wakati wa *Rosa Mistika*. Tanzania ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu, na kuna tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo imewapa nafasi waandishi wenye miswada ambayo haijawahi kuchapishwa. Tangazo likitoka, soma masharti mara mbili, hifadhi nakala yako, mpe mtu mmoja mwangalifu asahihishe makosa ya chapa, na utume siku chache kabla ya tarehe ya mwisho.